Wiki ya ba, be, bi, bo, bu

Wiki hii darasa la kwanza tulikuwa na herufi b. Jumatatu tulirudia irabu zetu tano, halafu tukaunganisha: ba, be, bi, bo, bu. Kuimba wanaimba vizuri mno. Kazi ni kusoma, maana wengi wamekariri wimbo na ubao hawautazami kabisa. Kwa hiyo Jumanne nikazichanganya: bo, ba, bu. Kimya!

Kuna binti anakaa dawati la mbele, tangu tufungue shule hajasoma kwa sauti. Alhamisi nikampa kadi mbili, ba na ba. Akaweka kidole juu ya ya kwanza, akanong'ona, "ba". Akahamisha kidole. "Ba." Akatulia kidogo, kisha akaruka: "Mwalimu, baba! Hapa pameandikwa baba!" Darasa zima likampigia makofi. Mimi machozi yalinilenga.

Hesabu tumejumlisha mpaka 10 kwa vizibo vya soda.

Wazazi wenzangu, jioni mwacheni mtoto asome kwa kidole, msimharakishe.

Leo Ijumaa kengele ya kutoka imelia, yule binti akabaki kunisaidia kufuta ubao. Alipofika kwenye "baba" akaliruka, akaliacha pale.