Kinga ya kulalia: wiki ya saba, kiti kimekubali

Jana, hapa Goma, nimetoka Himbi mpaka Mugunga kwa kinga yangu ya kulalia, yaani baiskeli unayoendesha umejilaza chali, miguu mbele. Nikapita makusudi kwenye vichochoro vya Ndosho vyenye mawe ya volkeno, nikarudi nyumbani na mgongo mzima. Wiki saba!

Kwenye lami hapakuwa na ubishi tangu siku ya kwanza. Kinga ya kawaida inanitia ganzi vidole viwili vya mwisho, kwa sababu kifua chote kinaegemea viganja. Kwenye hii ya kulalia mikono inashika usukani tu, mgongo na makalio vinagawana uzito. Shida ni mawe. Kwenye kinga ya kawaida ukiona jiwe unanyanyuka, magoti yanakunja, pigo linaishia miguuni. Ukiwa umelala, miguu iko mbele, huna pa kunyanyukia. Kila jiwe linapanda mpaka kwenye meno.

Nilianza na ubao na sponji ya godoro. Siku tatu, sponji imebonyea. Nikaongeza ya pili, nayo ikabonyea. Nikapunguza upepo, nikavuna pancha mbili. Nikalaza kiti zaidi, nyuzi 35 hivi, na kuweka pa kuegemeza kichwa. Hapo ndipo palikuwa pabaya kabisa: kichwa kinatikiswa pamoja na chuma, barabara unaiona mbilimbili. Usiku ule nililala na hasira.

Dawa nimeipata kwenye kitanda cha kamba. Nimeng'oa ubao, nikakata mipira ya ndani iliyochakaa kwa upana wa vidole vitatu, nikaisuka kwenye fremu ya kiti. Mara ya kwanza niliivuta yote sawasawa, makalio yakazama yakagonga bomba. Sasa kiunoni nimevuta mpaka mpira unalia ukiupiga kidole, mabegani nimeulegeza, na kiti nimekisimamisha nyuzi 50 hivi. Shingo inabeba kichwa yenyewe bila kuchoka.

Mnyororo ni mitatu iliyoungwa. Wanaotoa pini kwa msumari na nyundo waache kabisa! Kiungo kinakaza, na kwenye mnyororo mrefu namna hii unakisikia kila kinapopita. Nunueni kifaa chake.

Mama mmoja pale Majengo aliniuliza, "Papa, uko mgonjwa?" Nikasimama nikamweleza: mwaka 1933, kule Paris, Francis Faure alilala kwenye kinga ya Charles Mochet akaenda kilomita 45 na mita 55 kwa saa moja, akavunja rekodi. Mwaka uliofuata, UCI, shirikisho la dunia la mbio za baiskeli, ikazifungia kinga za kulalia mlango wa rekodi. Mama akacheka, akaomba akikalie kiti. Alikaa muda mrefu.

Leo nilipanga kurudia njia ileile na kinga ya kawaida, nilinganishe viganja na mgongo. Sijaenda. Asubuhi imenipita chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia ya makala (mkaa), gurudumu la mbao limevishwa mpira wa tairi, nikakodolea macho ule mpira mpaka ikapotea. Nimeshakata vipande vinne vya tairi. Naviweka chini ya bolti za kiti usiku huu.