Kikombe cha Vallejo

Enzi hizo nasoma tafsiri London, mwalimu alituletea alasiri moja kitabu cha César Vallejo, mshairi wa Peru aliyefia Paris Ijumaa Kuu ya 1938. Tuanze na jina la kitabu tu, akasema, tulitie kwa Kiingereza: *España, aparta de mí este cáliz*, yaani "Hispania, niondolee kikombe hiki". Nikajua ni kazi ya dakika tano. Tulikaa nalo mpaka wafagiaji wakaja kututoa.

Wenzangu Waingereza waliona mtu aliyechoshwa na vita, basi. Mimi, mtoto wa katekista wa Moshi, nilisikia sala ya Yesu Gethsemane papo hapo: "Uniondolee kikombe hiki." Ila anayeombwa hapa si Baba. Ni Hispania, ambayo watu wake walikuwa wakichinjana tangu 1936. Vallejo kamtoa Mungu kwenye sala, kaiweka nchi! Nikataka tuandike *cup*, kama ilivyo katika Biblia ya King James.

Dada mmoja wa Lima, Peru, akakataa katakata. Kwao, alisema, ukitamka *cáliz* watu wanamwona padre altareni ameinua mikono. Na huyu Vallejo babu zake wote wawili walikuwa mapadre. Dada huyo alitaka *chalice*, kikombe cha misa. Hoja yake ilikuwa na uzito, maana hata sisi Wakatoliki wa Kiswahili tuna kalisi ya sakristia na kikombe cha Injili, ilhali Kihispania chao kinabeba vyote viwili kwa neno moja. Lakini *chalice* inanukia ubani mno. Mtu anayelilia nchi inayokufa haombi aondolewe chombo cha misa. Mpaka leo sijabadili msimamo. Tukapiga kura, *chalice* ikapita.

Kwenye shairi la "Masa", la kitabu hichohicho, nilikaza. Askari ameuawa, mtu mmoja anamsihi asife, kisha wawili, kisha mamilioni, naye anazidi kufa. Mwishowe watu wote wa dunia wanamzunguka, na maiti *incorporóse lentamente*. Mwenzetu alikuwa ameandika *rose*, yaani maiti akasimama. Nikafungua Luka 7, kijana wa mjane wa Naini aliyefufuliwa na Yesu. Biblia ya Kihispania ina kitenzi hichohicho, King James wanasema *sat up*, na kwetu "akainuka, akaketi". Maiti anaketi kwanza. Kutembea kunakuja baadaye, kwenye mstari wa mwisho. Wa kwanza kuniunga mkono alikuwa yuleyule dada wa Lima, na *rose* ikafutwa bila kura.