Mji wenye ukuta, bila watu

Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52, lakini ndani mji ulikuwa mpana, watu wachache, na nyumba hazijajengwa. Kitabu cha Nehemia katika Biblia, sura ya 7, kinasema hivyo waziwazi. Ukuta usio na watu wa kuulinda ni mawe tu. Ndiyo maana malango hayakufunguliwa mpaka jua liwe kali.

Dawa iko sura ya 11: kura ya bahati, si ya uchaguzi. Katika kila watu kumi, mmoja anahamia mjini, tisa wanabaki vijijini. Waliojitolea wenyewe walibarikiwa na watu, na si ajabu, maana kuhamia mjini kulimaanisha kuacha shamba na kuishi kwenye magofu. Orodha inataja wana wa Peresi (ukoo wa kabila la Yuda) 468, Wabenyamini 928, makuhani 1,192 (ukijumlisha 822, 242 na 128), Walawi (wahudumu wa hekalu) 284 na mabawabu 172. Walawi ni wachache mno, nao ndio walioyumba baadaye: katika sura ya 13 hawakupewa mafungu yao, wakakimbilia kila mtu shambani kwake. Nehemia, liwali aliyeongoza ujenzi wa ukuta, akawagombeza wakuu, akawarudisha Walawi, kisha akaweka watunza hazina wa kugawa zaka.