Mlinganyo wa Cahn-Hilliard: pima mpaka wa fazi kabla ya kusifia picha

Chuma cha pua chenye kromi nyingi kikikaa muda mrefu kwenye nyuzi 475 hivi za Selsiasi hupoteza uimara na kuvunjika kirahisi. Feriti iliyomo (aina ya fuwele za chuma) hujigawa: huku chuma kimezidi, kule kromi; kila moja ya hali hizo mbili ni fazi. Mgawanyiko huo huigwa kwa mlinganyo wa Cahn na Hilliard wa 1958, na programu yake haifiki mistari 40 ya Python. Tatizo ni kwamba picha hutoka nzuri hata hesabu ikiwa mbovu.

Anza na namba hizi, zote bila vizio. c ni kiasi cha kromi mahali fulani, kati ya 0 na 1. Nishati huria ni W·c²(1−c)², na gharama ya mpaka ni (κ/2)|∇c|²; W na κ ni uzito wa kila moja, na M ni wepesi wa atomu kuhama. W = 1, κ = 2, M = 1, gridi ya nodi (vituo vya hesabu) 256 × 256, dx (umbali kati ya nodi) = 1, kingo zinazojirudia, yaani ukitoka upande mmoja unaingia upande wa pili. Weka c = 0.5 kila nodi, kisha tia namba nasibu kati ya −0.01 na 0.01.

Mpaka wa fazi, kutoka c = 0.1 hadi 0.9, una upana wa 3.1√(κ/W). Hapa ni kama 4.4, yaani nodi nne na ushei. Usishuke chini ya hapo. Ukiweka κ = 0.2 unabaki na 1.4, na mpaka unanasa kwenye gridi: maeneo yanaota pembe na kuacha kukua. Wengi hudhani mfumo umefika kwenye mizani. Wapi! Gridi ndiyo imeushika.

Kwa njia ya moja kwa moja (explicit), inayokokotoa hatua mpya kwa thamani za zamani pekee, dt (hatua ya muda) haivuki 0.0139, tumia 0.01. Ukipunguza dx kuwa nusu, kikomo hushuka hadi 0.00095, kwa sababu mlinganyo una derivativu ya nne. Ukikivuka, utaona madoa ya ubao wa drafti, kisha NaN (alama ya kompyuta kwamba jibu si namba). Hamia njia ya Fourier, inayogeuza c kuwa jumla ya mawimbi, neno la κ ulipige kwenye muda mpya, na dt = 0.1 itapita bila shida.

Mawimbi ya kwanza yawe na urefu wa nodi 12 au 13 hivi. Jumla ya nishati ishuke tu. Ikipanda, punguza dt. Wastani wa c usisogee. Ukisogea wakati M inategemea c, kagua msimbo: yaelekea umeandika M∇²μ badala ya ∇·(M∇μ), ambapo μ ni potenshali ya kikemia, inayosukuma atomu kuhama. Baadaye ukubwa wa maeneo hukua kwa t^(1/3), ila simamisha ukikaribia nodi 64, maana hapo maeneo yamebaki machache na kingo zinazojirudia zinaanza kuathiri matokeo.