Vifungo 6, dakika 40

Binti yangu alizaliwa kabla ya wakati na akapata mtindio wa ubongo. Misuli ya miguu yake na ya mkono wa kulia hukakamaa. Anatembea kwa magongo mawili, na safari ikiwa ndefu hutumia kiti cha magurudumu. Maneno humtoka polepole, kwa kukwamakwama, na asiyemjua hudhani hata akili yake iko hivyo. Sivyo kabisa. Leo ana miaka 22 na haishi tena kwangu. Nasimulia tulivyofika hapa kwa sababu nilipokuwa naanza nilitamani sana kumpata mzazi wa kunisimulia.

Alipotimiza miaka 15 nilishikwa na hofu ambayo wazazi wenzangu wanaijua hata kama hatuitamki: nikifa, nani atamvalisha? Nikaandika orodha ya kazi zote nilizokuwa namfanyia, nikajiapiza kwamba akifika miaka 18 atakuwa anazifanya zote kwa mikono yake. Ya kwanza katika orodha ilikuwa shati la shule, lenye vifungo 6.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alitufundisha kuanzia mwisho: mimi nifunge vifungo 5, yeye afunge cha 6, ili kila siku yeye ndiye amalizaye kazi. Akikizoea kimoja, namwachia viwili. Ni njia nzuri na kwa mambo mengine imetufaa mno, kuanzia zipu ya mkoba hadi kupiga mswaki. Baada ya miezi 8 alikuwa anafunga vifungo vyote peke yake. Nililia kwa furaha. Lakini kazi hiyo ilimla dakika 40 kila asubuhi, na akimaliza mkono unatetemeka, shingo inauma, na vipindi viwili vya kwanza darasani hawezi kushika kalamu. Kwa mwili kama wake, msuli unaopaswa kulegea unavuta wakati uleule mwenzake anapovuta, kwa hiyo kazi ndogo hunyonya nguvu za kazi kubwa.

Asubuhi moja akaniambia, "Mama, nguvu zangu zote zinaishia kwenye shati. Za kusomea nitazitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimpelekea swali lile mtaalamu wetu, naye akanisimulia habari za Ed Roberts wa Marekani. Roberts alipata polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14, akapooza kuanzia shingoni, akawa analala ndani ya mashine ya chuma iliyomsaidia kupumua. Shule ya sekondari ilitaka kumnyima cheti kwa sababu hakuwa amepita somo la udereva na mazoezi ya viungo, na mama yake, Zona, akapambana mpaka akakipata. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1972 yeye na wenzake walianzisha kituo cha watu wenye ulemavu kujisimamia wenyewe, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 akateuliwa kuongoza idara ya jimbo ya utengamao, yaani ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi, ileile iliyowahi kumwona mlemavu kupita kiasi asiweze kuajiriwa. Mtu huyu hakufunga kifungo hata kimoja. Kwake kujitegemea kulikuwa kushika uamuzi: nani amsaidie, saa ngapi, kwa namna gani.

Nilirudi nyumbani nikaichana orodha yangu. Tuliandika nyingine, safari hii yeye akitaja na mimi nikiandika, kwa mafungu matatu: mambo anayotaka kuyafanya mwenyewe hata kama yanachukua muda, mambo anayotaka afanyiwe lakini kwa amri yake, na mambo ya kubadilisha kabisa ili yasihitaji mtu. Viatu vya kamba vikaingia fungu la tatu, tukanunua vya kubandika. Kuoga alikuweka fungu la kwanza, nami nilishangaa, maana ndiko kugumu kuliko yote. Akanijibu kwamba huo ni mwili wake. Tukaweka vishikizo ukutani na kiti cha plastiki, nami nikajifunza kukaa nje ya mlango. Vifungo vikaenda fungu la pili.

Fungu hilo la pili ndilo lililotupa kazi kubwa, kwa sababu hakuna shule inayofundisha kuomba msaada vizuri. Mtoto aliyesaidiwa tangu kuzaliwa hajawahi kuhitaji kueleza, mama anajua. Kwa hiyo nilianza kujifanya sijui. Nasimama mbele yake mikono chini, nasubiri. Siku za kwanza alikasirika sana. Pole kwa pole akaanza: "Anza mkono wa kulia. Usivute, subiri ulegee. Sasa." Tulimwomba shangazi yake, kisha jirani, wawe wanafunzi wake, kwa sababu mimi hata nikijifanya mjinga mikono yangu inajua. Pia alijifunza kusema "acha", na kulisema hata kwa mtu mzima, hata kwa mtu anayempenda. Nilisisitiza hilo kuliko mengine yote. Msichana anayeguswa kila siku na watu wanaomsaidia anahitaji kujua kwamba kila mguso unaanza na ruhusa yake. Nilianza na mimi mwenyewe: kabla ya kuingia chumbani kwake, nabisha hodi.

Hospitali ilitupiga chenga. Akiwa na miaka 18 kliniki ya watoto ilifunga faili lake. Daktari mpya wa watu wazima hakuwa amewahi kumwona, aliniangalia mimi na kuuliza, "Anasumbuliwa na nini?" Nikajibu kila kitu, kama nilivyozoea. Njiani binti yangu hakusema neno. Kufika nyumbani akaniambia nimemfuta.

Miadi iliyofuata tulijiandaa kwa wiki mbili. Aliandika karatasi ya ukurasa mmoja: hali yake, upasuaji aliofanyiwa, dawa zake na vipimo vyake, na mstari wa juu kabisa, "Naelewa kila kitu. Naongea polepole. Tafadhali niulize mimi." Alijifunza majina ya dawa na sababu ya kila moja. Anatumia baklofeni ya kulegeza misuli, na hiyo haiachwi ghafla, kwa sababu kuikatisha kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa. Miaka yote hiyo mimi ndiye nilikuwa nimebeba habari hiyo kichwani, naye hakuwa nayo. Je, kama ningeugua nikalala kitandani wiki moja? Siku ya miadi mimi nilikaa kwenye benchi la nje. Kama mwanao ana miaka 13 au 14, mwanzishie sasa: ajibu swali moja tu la daktari, mwezi ujao mawili. Usingoje siku ya kuhamishwa.

Kupanda basi peke yake nako tulikufanyia mazoezi kwa miezi mitatu. Kwanza tulikaa pamoja, kisha nikakaa nyuma viti vitano, kisha nikawa namsubiri kituo cha mwisho. Safari ya pili ya peke yake alipitiliza kituo. Aliandika kwenye simu, "Nimepitiliza, nishuke wapi nirudi?" akamwonyesha abiria wa jirani, akarudi. Alichelewa saa nzima. Mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni na viatu mkononi, na hadi leo namshukuru kaka yake aliyenizuia kutoka.

Fedha sitazizungumzia sana. Alipewa fungu la mwezi, likaisha siku ya 11, sikuongeza. Mwezi uliofuata lilifika siku ya 26.

Kazi ilichukua muda mrefu zaidi. Mahali pa kwanza walipomwita kwa usaili, aliyeuliza maswali alielekeza macho kwangu mpaka mwisho, na hatukuitwa tena. Tangu hapo sikumsindikiza ndani. Alipata nafasi ya majaribio ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta, saa 4 kwa siku. Alichohitaji hakikuwa kikubwa: kifuniko chenye matundu juu ya kibodi ili kidole kisiteleze kwenye herufi mbili, kile kipengele cha kompyuta kinachoruhusu kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine badala ya vyote pamoja, na meza inayopitisha kiti chake. Aliviomba mwenyewe kwa barua. Wapo watakaosema saa 4 si kazi kamili. Nimeona dakika 40 za vifungo zilivyomfanya, kwa hiyo najua saa hizo 4 zina uzito gani.

Alipotaka kuhama, ndugu walinijia juu. Wengine walisema namtupa. Mmoja alinishauri nitafute namna ya kisheria ya kuendelea kuamua kwa niaba yake. Nilikataa, na sikukataa kwa ukaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaeleza katika ibara ya 12 kwamba mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine na anastahili kusaidiwa kuutumia. Na ibara ya 19 inampa haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Niliwasomea ndugu ibara hizo mbili sebuleni, neno kwa neno. Kisha binti yangu akawaambia anahamia kwa rafiki yake wa chuoni, akawaomba wampe godoro. Wakampa.

Waliotaka kuwa wasaidizi wake aliwasaili mwenyewe, watatu. Mimi ningemchukua mama wa makamo aliyekuwa mpole na mwenye uzoefu. Yeye alimchukua msichana mwenye sauti ya juu asiye na uzoefu wowote, kwa sababu, alisema, yule mama alikuwa anamalizia sentensi zake. Sikuwa nimeliona hilo, na mimi pia huzimalizia.

Msichana huyo alidumu mwaka mzima. Sasa yuko mwingine, anayekuja asubuhi na jioni. Vifungo vinafungwa kwa dakika mbili. Usiku bado ni tatizo: akianguka saa 8 hakuna msaidizi, na rafiki yake hana nguvu za kumwinua. Tulikaa, akatengeneza orodha ya watu wa kupigia simu, akaibandika mlangoni kwa ndani, chini, mahali anapoweza kuisoma akiwa sakafuni. Wa kwanza ni jirani wa ghorofa ya chini. Wa pili ni kaka yake. Mimi ni wa tatu.