Mkopo wa udaktari Karibi: hesabu kabla ya kupanda ndege

Barua za kukubaliwa chuo cha udaktari zikishafika kutoka Grenada, Barbados au Sint Maarten, katika familia za Wakenya, Watanzania na Wakongo walioko Marekani swali huwa moja: tufanye harambee lini? Ninavyoona, swali hilo limeruka zamu. Kabla ya harambee kuna hesabu ya mkopo wa serikali, na hesabu hiyo imebadilika kiasi kwamba ushauri wa binamu aliyesoma visiwani miaka kumi iliyopita unaweza kumpoteza mtu kabisa. Binamu alikopa chini ya kanuni ambazo anayeanza sasa hazimhusu.

Kwanza, nani anakopeshwa. Mkopo wa serikali ya Marekani unafuata uraia na hadhi ya uhamiaji, haufuati mahali unapoishi. Raia anapata, mwenye green card anapata, hata mkimbizi aliyepokelewa rasmi anapata. Mtoto aliyezaliwa Houston akalelewa Nairobi tangu chekechea naye yumo, na huyu husahaulika sana. Mwenye viza ya masomo au ya kazi hapati, hata kama amelipa kodi miaka yote. Na ukishasoma nje ya Marekani, usitarajie Pell Grant, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa, wala kazi ya chuo inayolipwa na serikali. Ni mkopo mtupu.

Sasa dari. Zamani mwanafunzi wa udaktari nje alipewa mkopo wa kawaida wa dola 20,500 kwa mwaka, na pengo lote lililobaki likazibwa na mkopo ulioitwa Grad PLUS, ambao uliweza kufika hadi gharama yote ambayo chuo kimetangaza: ada, pango, chakula, nauli. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeufuta kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Badala yake mwanafunzi wa udaktari anaruhusiwa dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Juu ya hapo kuna kikomo cha maisha yote, dola 257,500, kinachojumlisha hata mikopo ya shahada ya kwanza. Aliyekuwa tayari darasani na tayari amekopa kwa programu hiyo hiyo kabla ya tarehe hiyo anaendelea na kanuni za zamani, lakini kwa miaka isiyozidi mitatu. Akihama chuo, upendeleo huo haumfuati.

Kuna kipengele hapa ninachokiogopa kuliko vingine. Vijana wengi wenye alama za wastani hushauriwa wachukue kwanza shahada ya uzamili ya sayansi ili kunyanyua faili lao. Fedha utakazokopa kwa uzamili huo zinakatwa kwenye zile 200,000 za udaktari. Ukitumia 40,000 huko, umebakiwa na 160,000. Vyuo vikubwa vya Karibi kama St. George's na Ross, ada peke yake kwa miaka minne inapita 200,000 kabla hujanunua mchele. Pia ukijisajili kwa mzigo wa masomo usiotimia, kiwango cha mwaka kinapunguzwa kwa uwiano huo huo.

Na aliyechagua Poland au Ireland kwa programu ya miaka mitano au sita inayoanzia kidato cha mwisho asidhani 50,000 inamhusu tangu siku ya kwanza. Kwa kawaida miaka ya mwanzo huhesabiwa kama shahada ya kwanza, na mwanafunzi anayehesabiwa bado yuko chini ya wazazi hupata dola 5,500 tu mwaka wa kwanza. Muulize mhasibu wa mikopo wa chuo, kwa maandishi, ni mwaka gani unaanza kuhesabiwa mwanafunzi wa udaktari.

Riba nayo. Kwa mikopo ya mwaka wa masomo 2025/2026 ilikuwa asilimia 7.94, na kila mwaka wa masomo una kiwango chake kinachofungwa kwa mkopo wa mwaka huo. Kabla fedha hazijafika chuoni hukatwa asilimia 1.057, kwa hiyo katika 50,000 unapokea kama 49,471, lakini deni ni 50,000 kamili. Riba inaanza kuhesabiwa fedha zinapotoka, si unapohitimu. Kwa kiwango hicho 50,000 inazaa dola 3,970 kwa mwaka, karibu dola 11 kila siku unapolala na kuamka. Kopa 50,000 kila mwaka kwa miaka minne, na siku ya mahafali riba peke yake inakaribia dola 39,700. Deni ulilodhani ni laki mbili limeshakuwa karibu laki mbili na arobaini elfu.

Kuhusu kuchagua chuo, picha ya ufukwe haina maana yoyote. Chuo lazima kiwe na msimbo wake kwenye FAFSA, fomu ya kuombea mkopo wa serikali. Ukitafuta jina ukalikosa, hakuna mkopo wa serikali hapo, hata mwakilishi wao aseme nini. Chuo cha udaktari cha nje kinachoshiriki mikopo hii kinatakiwa pia wanafunzi na wahitimu wake wafaulu mitihani ya leseni ya Marekani, USMLE, kwa angalau asilimia 75. Kikishuka chini ya hapo, kinaweza kupoteza haki ya mikopo.

Hapa ndipo shida kubwa inapozaliwa, na sijui kwa nini haizungumzwi. Kanuni ya asilimia 75 inawahesabu waliokaa kwenye mtihani. Asiyekaa hahesabiwi. Kwa hiyo chuo kina kila sababu ya kumzuia mwanafunzi dhaifu asifike kwenye Step 1, hatua ya kwanza ya USMLE. Njia inayotumika ni mtihani wa ndani baada ya miaka miwili ya darasani: usipofikisha alama iliyowekwa, hupewi ruhusa ya kujisajili. Mwanafunzi anabaki nyumbani kwa mjomba akirudia vitabu, huku si mwanafunzi kamili wala si mhitimu. Asipohesabiwa kuwa amesajiliwa angalau nusu ya mzigo wa masomo, ile miezi sita ya neema kabla ya kuanza kulipa inaanza kukimbia. Likizo ya masomo iliyoidhinishwa inasaidia, lakini kwa mikopo haiwezi kuzidi siku 180 katika miezi 12. Zikipita, anahesabiwa ameacha chuo, na tarehe inarudishwa nyuma hadi siku ya mwisho aliyohudhuria.

Ndiyo maana maswali ninayoyaona ya maana kwa chuo ni mawili. Katika walioingia muhula fulani, wangapi walikaa Step 1 ndani ya muda uliopangwa? Na wangapi kati ya hao hao walioingia walipata nafasi ya residensi, ile miaka ya mafunzo hospitalini kwa mshahara? Wakikujibu kwa asilimia ya waliofaulu kati ya waliofanya, wamejibu swali ambalo hukuuliza.

Pengo kati ya 50,000 na gharama halisi litazibwa na nini? Benki binafsi zinakopesha, lakini si kila benki na si kwa kila chuo cha nje, na nyingi zitataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Kwetu kudhamini ni heshima. Shangazi anaweka sahihi kwa sababu mtoto ni wake pia. Shangazi ajue kwamba si shahidi, ni mdaiwa. Kijana akichelewa miezi miwili, ni alama za mikopo za shangazi zinazoporomoka na nyumba yake anayotaka kununua inayokwama. Mkopo wa benki hauingii kwenye mpango wa serikali wa kulipa kulingana na kipato, wala kwenye PSLF, ule msamaha wa deni baada ya malipo 120 kwa anayefanya kazi serikalini au hospitali isiyo ya faida. Kwa hiyo harambee ya familia ikae hapa, kwenye pengo, ili sehemu ya benki iwe ndogo iwezekanavyo. Mzazi mwenye akiba ya 529, ile akaunti maalumu ya akiba ya masomo, anaweza kuitumia bila kodi kwa chuo cha nje, mradi chuo kina ule msimbo.

Kulipa kwenyewe. Kwa mikopo ya kuanzia Julai 2026 mpango wa kipato ni mmoja, RAP. Unalipa asilimia 1 hadi 10 ya kipato chako, na asilimia hiyo inapigwa kwenye kipato chote, si kwenye kilichozidi tu. Daktari wa residensi mwenye 65,000 yuko kwenye asilimia 6: dola 325 kwa mwezi, pungufu ya 50 kwa kila mtoto anayemtegemea. Riba ya deni lake la 200,000 ni kama 1,323 kwa mwezi, na riba ambayo malipo yake hayakuifikia inafutwa. Huo ni msaada wa kweli. Akimaliza residensi akapata 300,000, atalipa 2,500 kwa mwezi. Inauma, lakini anaimudu.

Mtazame sasa aliyekwama kwenye mtihani wa ndani akiwa na deni la 100,000. Amepata kazi ya 45,000. Analipa asilimia 4, dola 150 kwa mwezi. Riba inayobaki inafutwa, na serikali inamwongezea dola 50 zinazopunguza deni la msingi. Katika miaka 30 deni lenyewe limeshuka kwa dola 18,000 tu, kisha linalobaki linasamehewa, na msamaha huo unaweza kuhesabiwa kama kipato cha kutozwa kodi. Deni la laki mbili la daktari linalipika. La laki moja la asiye daktari ndilo linalomzeesha mtu. Ndiyo sababu naona swali la uwezekano wa kumaliza linatangulia swali la ada, na kijana mwenye mashaka ya kweli kuhusu masomo ya darasani heri ajaribu mwaka mwingine kuomba vyuo vya Marekani kuliko kukimbilia muhula wa Januari kwa sababu tu umefunguliwa.

Kuhusu makaratasi sitarefusha. FAFSA hujazwa upya kila mwaka, na mwanafunzi wa udaktari hahitaji taarifa za wazazi. Kisha hati ya ahadi ya kulipa, kisha somo fupi la wakopaji wapya mtandaoni. Fedha zinatolewa kwa awamu, kwa hiyo beba fedha yako ya wiki za mwanzo. Mwenye nyumba kisiwani hasubiri Washington. Ukiacha chuo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, chuo hurudisha sehemu ya mkopo ambayo hujaisomea, kisha kinaweza kukudai ada iliyobaki wazi, tena taslimu. Anayefikiria kuacha aangalie kalenda kwanza.

Mwisho ni Match, mgao wa nafasi za residensi. Mwaka 2025 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya MD (shahada ya udaktari) vya Marekani waliopata nafasi walikuwa asilimia 93.5, raia wa Marekani waliosoma nje, asilimia 67.8. Kwa hiyo theluthi moja hivi ya hao wa nje hawakupata mwaka huo, wakiwa na shahada mkononi na miezi sita ya neema inayoyoyoma. Aliye katika hali hiyo awasilishe fomu ya kodi hata kama kipato ni sifuri, kwa kuwa RAP inaangalia fomu hiyo. Mwenye kipato kisichozidi 10,000 hulipa dola 10 kwa mwezi. Asizilipe kwa siku 270, mkopo unatangazwa umeshindikana kulipwa, na hapo serikali inaweza kukata hadi asilimia 15 ya mshahara wake bila kwenda mahakamani, hata mshahara wa residensi atakayoipata mwaka unaofuata.