Kabla ya Kwenda Mlimani: Kujifunza Kujipimia Muda na Fedha

Binti wa kaka yangu amechaguliwa mwaka huu kusoma shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu majina yatoke amekuwa akinipigia simu kutoka Songea kuniuliza begi la kununua, kama aje na godoro, na kama kompyuta mpakato ni ya lazima siku ya kwanza. Ni maswali ya haki, nami nitayagusa. Hata hivyo, mimi niliyepita Mlimani, kama tunavyokiita chuo hicho, na ambaye nimeshawapokea vijana kadhaa wa ukoo wetu wanaokwenda huko, naamini kwamba maandalizi makubwa hayafungwi kwenye begi, na ndiyo maana nimeamua kuyaandika hapa ili yawafae na wengine wanaojiandaa mwaka huu, pamoja na wazazi wao.

Kijana anayetoka kidato cha sita amepimiwa kila kitu maisha yake yote. Shule ya bweni ilimpimia muda kwa kengele: ya kuamka, ya usafi, ya mstarini, ya vipindi, ya prepo na ya kulala. Alipokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, mafunzo ambayo Serikali iliyarejesha mwaka 2013, kazi ya kengele ikachukuliwa na filimbi ya afande. Fedha nazo alipewa kidogo kidogo, nyingine zikiwa mikononi mwa mwalimu wa malezi. Chuo kikuu humkabidhi vyote viwili kwa mkupuo: fedha za miezi miwili kwa siku moja, na muhula wenye kama majuma 15 ya masomo, pasipo mtu wa kumwuliza alikuwa wapi saa nne asubuhi. Wengi ninaowafahamu waliopata shida mwaka wa kwanza walikuwa na akili ya kutosha. Walichokosa ni mazoea ya kugawa kitu kikubwa katika vipande vya kila siku.

Kabla ya hayo kuna makaratasi, ambayo yana tarehe za mwisho na hayamsubiri mtu. Jambo ambalo familia nyingi hulisahau ni kwamba matokeo ya kidato cha sita hutoka wakati vijana wengi wako kambini JKT, mbali na simu, na maombi ya chuo na ya mkopo hufunguliwa katika miezi hiyo hiyo. Kwa hiyo mzazi au ndugu mwenye uelewa ni lazima awe na nyaraka zote nyumbani: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, picha ndogo, na akaunti ya benki yenye jina la mwanafunzi mwenyewe. Naomba majina yaangaliwe herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kina majina mawili na cha shule kina matatu, au jina la babu limeandikwa kwa namna mbili, suala hilo limalizwe mapema kwa hati ya kiapo, kwa kuwa mwezi Oktoba kila ofisi huwa imejaa watu wenye tatizo lilelile. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja naye anapaswa kuthibitisha chuo kimoja tu, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, ndani ya siku zilizopangwa. Wapo waliopoteza nafasi nzuri kwa sababu tu walikuwa bado wanashauriana.

Sasa nirudi kwenye muda. Ratiba ya mwaka wa kwanza humdanganya mgeni, kwa kuwa ataona mihadhara miwili Jumatatu, mmoja Jumanne, na pengine Jumatano iko wazi kabisa, naye atadhani amepewa mapumziko. Ukweli ni kwamba saa hizo zilizo wazi ndizo za kusoma zenyewe. Mhadhiri husimama mbele ya mamia ya wanafunzi katika kumbi za Yombo, hufafanua mada, hutaja vitabu, kisha huondoka. Hasahihishi madaftari wala hajui nani hakuja. Kozi ya DS, yaani masomo ya maendeleo, ambayo mwaka wa kwanza huisoma awe anasomea uhandisi au ualimu, ni mfano mzuri, kwa sababu umati wake ni mkubwa kiasi kwamba mtu anaweza kutoonekana kwa majuma kadhaa bila yeyote kutambua. Hilo halimwumizi mwingine isipokuwa yeye, na humwumiza muhula unapokaribia kwisha, wakati hakuna tena nafasi ya kurekebisha.

Namsihi kila anayeanza auelewe mfumo wa alama kabla ya juma la kwanza kwisha. Katika kozi nyingi, alama 40 kati ya 100 hutokana na majaribio, insha na kazi za vikundi ndani ya muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho ambao wanafunzi huuita UE. A huanzia alama 70, B+ 60, B 50 na C 40, na daraja la kwanza huanzia GPA, yaani wastani wa pointi za masomo yote, ya 4.4 kati ya 5.0. Aliyezoea A ya kidato cha sita iliyoanzia 80 huona kwamba chuo kimelegeza kamba, mpaka aiandike insha ya kwanza na kugundua kwamba kuipata hiyo 70 kunadai hoja zake mwenyewe, vitabu alivyovisoma na vyanzo vilivyotajwa ipasavyo. Zaidi ya yote, GPA hukusanywa tangu muhula wa kwanza. Somo la Novemba mwaka wa kwanza lina uzito wake katika shahada sawa na somo la mwaka wa tatu, na anayesema kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu anawapotosha wenzake. Nimeona watu wazima waliokosa daraja la juu kwa pointi chache mno, na walipoitazama karatasi yao ya matokeo waliona pengo likianzia palepale mwanzoni.

Ushauri wangu kwa binti yetu ni rahisi kuueleza na mgumu kuutimiza: achukue karatasi moja, achore majuma yote ya muhula, aandike kila jaribio na kila insha mara tu vinapotangazwa, kisha aamue saa za kusoma za kila siku na kuziheshimu kama zilivyoheshimiwa saa za prepo. Mahali pa kusomea hapakosekani. Ipo maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, na vipo vimbweta, zile meza na mabenchi ya zege chini ya miti, ambako vikundi hukaa hadi usiku wakibishana juu ya mada. Mimi navipenda vimbweta kuliko mahali pengine popote pale chuoni, kwa sababu mtu anayelazimika kumweleza mwenzake jambo hutambua upesi kama amelielewa. Ninachomkataza ni kuishi kwa madesa peke yake. Muhtasari uliotolewa fotokopi na kupita mikononi mwa watu wa miaka mingi unaweza kumfikisha kwenye C, lakini mwalimu ajaye wa Kiswahili na Historia anapaswa kuvisoma vitabu vyenyewe, maana miaka michache ijayo kuna watoto watakaomtegemea.

Kuhusu fedha nitasema kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo machozi mengi humwagika. Mkopo wa Bodi ya Mikopo una sehemu kadhaa: ada, ambayo hupelekwa chuoni moja kwa moja, fedha za vitabu na viandikwa, na fedha za chakula na malazi, ambazo kila mwanafunzi huziita bumu. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, kiwango cha juu cha chakula na malazi kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Malipo huja kwa awamu, hivyo bumu la siku 60 ni shilingi 600,000 zinazoingia kwa siku moja katika akaunti ya mtu ambaye pengine hajawahi kushika hata laki moja iliyo yake. Siku hiyo maduka ya simu na nguo yanajaa vijana. Siwalaumu, kwa kuwa mtu aliyekulia katika uhaba akipata fedha nyingi kwa mara moja huona kwamba shida imekwisha. Lakini laki sita hizo ni shilingi 70,000 za juma moja, kisha za juma linalofuata, na ndani yake mna chakula, kodi ya chumba, nauli, sabuni, vifurushi vya intaneti na fotokopi. Sahani ya wali kwa maharage kwa mama lishe huanzia kama shilingi 2,000, na mwenye kula nje mara tatu kwa siku ataona mwenyewe kinachobaki. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kutoa kodi na akiba ya dharura siku ileile fedha inapoingia, kisha kujilipa kiasi kilekile kila Jumatatu na kutogusa tena akaunti hadi Jumatatu nyingine.

Bumu la kwanza, tena, halimsubiri mwanafunzi pale langoni. Ni lazima kwanza asajiliwe na athibitishe taarifa zake ndipo alipwe, na shughuli hiyo inaweza kuchukua majuma. Kwa hiyo familia imfungie fedha za kuishi mwezi mmoja, pamoja na michango ya usajili na bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi asiye na bima nyingine imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa muda mrefu. Aliyekosa mkopo awamu ya kwanza asikate tamaa, kwa sababu Bodi hutoa majina kwa awamu zaidi ya moja na hufungua dirisha la rufaa.

Hapa naomba niseme na wazazi, nikianza na kaka yangu mwenyewe. Kaka, nakuomba kwa heshima, bumu la mtoto lisihesabiwe kuwa kipato cha nyumbani. Najua hali ilivyo. Najua kwamba mdogo wake anahitaji sare na kwamba mbolea imepanda bei. Lakini fedha ile ni deni la mtoto, atakalolilipa kwa asilimia 15 ya mshahara wake atakapoajiriwa, na kila shilingi inayorudi nyumbani ni mlo anaouruka akiwa mbali nasi. Vijana wengi hawawezi kuwaambia wazazi wao hapana, kwa hiyo ni sisi wakubwa tunaopaswa kutowauliza.

Mengineyo ni mepesi. Mabasi ya mikoani huishia Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, na ni vyema apange kufika mchana. Blanketi zito la Songea alibakishe. Joto la Dar es Salaam la Novemba na Desemba halilitaki, aje na mashuka mawili na chandarua. Aombe nafasi ya bweni mapema, kwa sababu vitanda havitoshi wote, ingawa mabweni ya Magufuli yaliyozinduliwa mwaka 2017 yaliongeza nafasi 3,840. Akilazimika kupanga geto, yaani chumba cha mtaani, huko Msewe au Changanyikeni jirani na chuo, atafute wenzake wawili anaowaamini, maana wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa pamoja, na asimlipe dalali kabla ya kuuona mlango na kuzungumza na mwenye nyumba. Kompyuta inaweza kungoja mpaka aone wenzake wa kozi yake wanatumia ya namna gani.

Kuna jambo moja ambalo shangazi hana budi kulisema waziwazi. Ikitokea mtu yeyote mwenye mamlaka juu ya alama zake akamtaka kimapenzi, kosa si lake na hana sababu ya kunyamaza. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na TAKUKURU, taasisi ya Serikali ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa namba ya bure 113. Atunze ujumbe wote wa simu, asiende peke yake kwenye ofisi ya mtu anayemtilia shaka, na anipigie mimi hata iwe saa nane za usiku. Nimemwambia hayo kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimekuelewa, Shangazi."

Nitampokea mwenyewe Mbezi. Tutakaa naye jioni hiyo na kuchora karatasi mbili: moja ya majuma ya muhula hadi siku ya mtihani wa mwisho, nyingine ya fedha za mwezi wa kwanza zikiwa zimegawanywa kwa juma. Kesho yake atakwenda kujisajili akiwa na nakala za vyeti vyote katika bahasha moja, na vyeti halisi katika nyingine ambayo haitatoka mkononi mwake.